Yaya, Umetuacha Barazani

Yaya Asina,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo usije ukadhani nimeshika kalamu kukulilia. Kulia nililia, nililia mpaka watu wakanishika mikono, na arobaini yako ilipopita nikanyamaza. Sasa nimebaki na hasira, na sina wa kumpa ila wewe mwenyewe, dada yangu mkubwa, maana wewe ndiye uliyeileta.

Lakini wewe ulipenda habari kwanza, ugomvi baadaye. Haya, habari. Nyumba ipo. Lile bati la jikoni lililokuwa likipiga kelele kila upepo ukivuma, mume wa binti yangu Zawadi alilipigilia misumari, na sasa kimya chake kinanisumbua kuliko kelele. Mbuzi wako alizaa mapacha, mmoja akafa. Kiti chako tumekiacha palepale mlangoni, watoto wanakikalia na mimi nawafukuza. Treni ilifika juzi, na watoto wote wa mtaa wetu wa Mikelenge wakakimbilia stesheni. Mimi niliisikia tu, sikuiona.

Na hiyo ndiyo habari yangu. Macho, Yaya. Yale macho uliyokuwa ukiyacheka kwamba ni makubwa kuliko tumbo, yaliingia ukungu. La kushoto lilifunga kabisa muda si mrefu baada ya kukuzika. La kulia lilibaki na mwanga kidogo, kama wa mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, ugonjwa wa umri, unatolewa na mtu anarudi kwake siku ileile.

Kazi yangu unaijua. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa namwaga mchele kwenye ungo, napepeta, natoa mawe moja moja, mpaka sokoni wakasema mchele wa Mama Mwamini mtu anautafuna amefumba macho. Basi juzijuzi mwalimu mmoja aliuma jiwe. Akaja mezani kwangu ameshika shavu. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali anitukane. Alisema tu, "Mama, sasa uzee njo unaingia," akaenda kununua kwa jirani yangu. Baadaye nikagundua kwamba Zawadi huwa anauchambua upya mchele wangu nikienda kuoga, kimyakimya, kisha anaurudisha guniani ili nisijue. Siku niliyomfuma nilitaka kumpiga. Mwanamke mzima, mwenye watoto wake, nilitaka kumpiga na ungo.

Basi kwa nini sikwenda kutolewa? Uliza, uliza tu.

Madaktari wa macho huja Kindu mara mojamoja. Wanakaa hospitalini siku chache, wanafunga masanduku yao, wanaondoka. Walipokuja mara ya kwanza nilimwambia Zawadi, "Tungoje kwanza mutu atoke, tuone." Watu wakatoka, tena wanaona. Nikasema huyu bado kijana. Nikasema yule jicho lake halikuwa baya kama langu. Nikasema tungoje wa umri wangu. Wakati naendelea kusema, madaktari wakaondoka.

Na si hospitali tu. Siku hizi pikipiki zimejaa, basi nasimama kando ya barabara nangoja mtu avuke kwanza ili nivuke nyuma ya mgongo wake. Wakati mwingine tunasimama wazee watatu tumepangana, kila mmoja anamngoja mwenzake, na vijana wanatucheka. Samaki wa Lokandu wakifika sinunui mpaka nimeona mwingine amenunua, na hapo wazuri wameshakwenda. Simu aliyonipa Zawadi ilikaa ndani ya kopo msimu mzima wa mvua, kwa sababu sikuwa nimemwona mwanamke wa rika langu akiibonyeza. Nilidhani ni uzee. Nikajisamehe, nikasema mwili ukichoka na roho inachoka. Uongo mtupu. Ni lile baraza.

Baraza la nyumba ya mwisho, upande wa mashamba. Ya yule fundi baiskeli aliyekimbia akaacha pampu yake imening'inia ukutani. Miaka ile ya vita mji ulikuwa na bunduki zake na msitu ulikuwa na bunduki zake, na mashamba yetu yalikuwa katikati. Muhogo uko shambani, sisi tuko mjini, watoto wanavimba miguu kwa njaa. Tulikuwa tunakaa pale barazani tangu umande haujakauka, vitunga miguuni, majembe tumeyafunika kwa nguo, tunamngoja mtu atokee upande wa mashamba. Akitokea na fungu la majani ya muhogo kichwani, basi njia ni salama. Tulimuuliza neno moja tu, "Njia iko?", na jibu tulishaliona kichwani kwake. Mtu anayekimbia hutupa mzigo. Mwenye majani kichwani amefika, ameinama, amechuma bila haraka, amerudi anatembea. Tukiona majani tunainuka.

Na ujinga wetu ulikuwa huu, sijui kama uko mji mwingine uliowahi kufanya ujinga wa namna hii. Wote tulikuwa tunangoja. Sisi kwenye baraza letu, wa mtaa wa pili kwenye baraza lao, kila kundi linamngoja mtu atoke kule, na kule hakuna aliyekwenda. Nguruwe wa porini walikula muhogo wetu mchana kweupe, na sisi tumekaa, mikono mapajani, tunaitazama njia tupu. Jua likipanda tunarudi nyumbani na vitunga vitupu tukisema leo njia haiko. Nani alituambia haiko? Hakuna. Tulipika majani ya viazi mpaka tukamaliza na mashina yake.

Ndipo siku moja ukasimama. Ulikuwa umevaa kikwembe chako, kitenge kile cha samaki wekundu, ukakikaza kiunoni, ukatugeukia kwa ile sauti yako ya kufukuza kuku. "Kama wote tunangoja mutu, mutu huyo atatoka wapi? Miye njo mutu."

Ati mtu huyo ni wewe. Nilikushika nguo. Ukanipiga kofi mkononi, ukaenda.

Sijui tulikaa muda gani. Kisha tukakuona unapanda kutoka bondeni, fungu kichwani, unatembea kwa maringo, mkono mmoja kiunoni, utadhani unatoka harusini. Wanawake walipiga vigelegele kisha wakajiziba midomo wenyewe kwa hofu. Siku ile tuliyatwanga yale majani tukapika sombe, Yaya. Mpaka leo nikiitwanga sombe naiona siku ile.

Tangu hapo ikawa wewe. Kila mara wewe. Sisi barazani, wewe mbele. Ulikuwa na goti bovu na mimi nilikuwa na miguu mizima, lakini kila nikitaka kuinuka ulisema, "Kaa weye. Ngoja unione." Nikakaa. Nikazoea kukaa. Ulinilea hivyo, na ndiyo hasira yangu ya kwanza, ipokee: ulijifanya wewe peke yako ndiye mwenye miguu.

Halafu siku ile. Unaijua ninayoisema. Ulirudi jua likiwa kali, bila majani, bila kikwembe cha samaki. Ulisema, "Leo njia haiko. Rudini." Ukatupita sote bila kutazama mtu, ukashuka mtoni, ukaoga, ukaoga, na uliporudi nyumbani uliniomba chumvi kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyekuuliza. Tulijua, kila mwanamke pale alijua, na tulidhani kunyamaza ndiko kukuheshimu. Baada ya siku chache ulisimama tena mbele ya baraza na nguo ya kuazima, na sisi, watu wazima na akili zetu, tukakuacha uende.

Wale wenye bunduki siwasamehe. Wa mjini na wa msituni, wote. Nasikia wengine siku hizi wana maduka, wana vitambi, wanaitwa baba mukubwa. Wapite mbali na meza yangu ya mchele. Lakini kwao sikutegemea kitu. Kwako nilitegemea.

Maana ona ulichokuja kufanya. Bunduki zikapungua, mashamba yakafunguka, mpunga ukarudi, tukazeeka sote wawili chini ya bati moja. Tumbo lako likaanza kuvimba. Ukawa unafunga kikwembe juu zaidi na kusema ni maharage. Maharage! Mwaka mzima wa maharage! Zawadi akakubembeleza. Binti yako mdogo akakubembeleza. Mimi nikakubembeleza. Jirani yetu Mama Riziki alikuwa na uvimbe kama wako, akakubali kupasuliwa, na wewe ukakaa kwenye kile kiti chako mlangoni ukasema, "Ngojeni kwanza Mama Riziki atoke, tuone."

Nilisikia masikio yakiwaka. Wewe, Asina? Wewe uliyekwenda mashambani wakati hakuna aliyetoka huko?

Mama Riziki alitoka. Alitoka anatembea, na kabla ya mvua kuanza alikuwa ameshawasha jiko anakaanga maandazi, anagombana na wateja. Alikuja mwenyewe kukuonyesha kovu. Ukamwambia hongera, ukala maandazi yake, ukasema, "Yeye bado mutoto." Kisha ikawa tungoje mvua ipite. Kisha ikawa tungoje mpunga uvunwe, nani atavuna nikiwa nimelala. Ukafa mpunga ukiwa umeinamisha vichwa. Tuliuvuna siku mbili baada ya kukuzika kwa sababu waombolezaji walihitaji kula. Mchele uleule uliokuwa unaungoja ndio tulioupika kwenye matanga yako, na nilikuwa nauchambua nalia kwa hasira, na sijui kama nilitoa mawe yote.

Na wale waliokuja! Wanawake wa baraza, waliobaki hai, walikuja na vitambaa vyao vya kichwa vya maombolezo, wakasema Asina alitufungulia njia, Asina alitulishia watoto. Kisha wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nilitaka kuwatoa uani mmoja mmoja. Mungu alikuletea Mama Riziki na kovu lake mpaka mlangoni. Angekuletea nini zaidi?

Nina wazo langu. Kama nimekosea utanisamehe, huko uliko una nafasi ya kusamehe. Nadhani hukuogopa kisu. Nadhani uliogopa kulala chali, mlango umefungwa, mikono ya wanaume usiowajua iko juu yako. Nadhani ile siku uliyorudi bila kikwembe ilikufuata mpaka kwenye lango la hospitali ikakurudisha nyumbani, na wewe ukaipa jina la maharage, ukaipa jina la mvua na la mpunga. Kama ndivyo, Yaya, si ungeniambia! Ningekaa kwenye kitanda kile nikushike mkono na wangenifukuza kwa nguvu za wanaume wanne. Ningekutafutia daktari mwanamke, hata ng'ambo ya mto, hata mwisho wa reli. Lakini kwako mimi nilikuwa bado yule wa kuambiwa kaa, ngoja unione. Nilikuwa na wajukuu, Asina. Nilikuwa na wajukuu na bado ulinificha.

Basi. Nimesema. Sasa nisikie ya mwisho.

Madaktari wa macho walirudi. Zawadi hakuniuliza, alikuja na pikipiki mlangoni na kusema nipande. Tulipita sokoni kwanza, nikashuka kununua majani ya muhogo ya jioni, maana ukichelewa yanaisha. Zawadi akanuna: "Mama, tunaenda hospitali na sombe?" Nikamwambia hospitali haitatupikia.

Kwenye ukumbi kulikuwa na benchi refu, na kwenye benchi wazee. Mlango ulikuwa wazi. Muuguzi, msichana mdogo mwenye sauti kubwa, alisimama pale akasema aanze mmoja. Mzee wa Lokandu, mwenye fimbo, alimwambia jirani yake, "Pita weye, mama." Yule mama akasema, "Apana, baba, weye njo mukubwa." Mzee akasema wakubwa hutanguliza wageni. Mama akasema yeye si mgeni, amezaliwa hapahapa Kindu. Mwingine akasema anangoja mwanawe. Mwingine ghafla akaanza kukohoa. Adabu ilikuwa nyingi mno, Yaya, kila mtu anampa mwenziwe nafasi, na mlango uko wazi hakuna anayeingia. Muuguzi akashika kiuno. Akasema madaktari wanaondoka, wakiondoka wasije kulia kwake.

Na mimi nilikuwa nimekaa mwishoni mwa benchi, fungu la majani mapajani, nangoja mtu aende. Nilisikia harufu ya yale majani. Nikajiona. Nikatuona wote, wazee wenye vitunga, tunatazama njia tupu. Nikakutafuta kwa jicho langu bovu, nakwambia kweli, niligeuza kichwa kukutafuta, nikingoja usimame ukaze kikwembe. Hukuwapo. Ulikuwa umekwenda mbele tena, kama kawaida yako, na safari hii ulikokwenda hakuna anayerudi na majani tumwone. Hasira ilinipanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno. Nikasimama.

Nikasema, "Miye njo mutu."

Hawakuelewa, ila Zawadi alianza kulia. Nikamwachia majani, nikaingia.

Sitakudanganya, niliogopa. Waliponiwekea kitambaa usoni nikasema jina lako, na si kwa upole. Daktari akaniuliza Asina ni nani, nikamwambia ni mtu mmoja mjinga sana. Kisu hakikuuma kama nilivyofikiri. Kulikuwa na mwanga, na maji, na mtu anaongea Kifaransa na mwenzake kuhusu chakula cha mchana. Kisha wakanifunga bandeji wakasema mama, tayari. Tayari! Miaka yote ile, mawe yote yale ndani ya mchele, kwa kitu kifupi hivyo.

Walitaka kunitoa kwa mlango wa nyuma, nikapumzike. Nikasema hapana, narudi nilipotoka. Nikafungua ule mlango wa ukumbini, nikamwita Zawadi anipe majani yangu, nikayaweka kichwani. Muuguzi akapiga ukelele, "Mama! Usibebe kitu! Toa hiyo kichwani!" Nikamwambia subiri kidogo, mwanangu. Nikaweka mkono kiunoni. Nikatembea mbele ya benchi lile, polepole, bandeji usoni na sombe kichwani, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa maringo, Yaya, kwa yale maringo yako.

Walicheka kwanza. Mzee wa Lokandu alicheka mpaka akaangusha fimbo. Lakini kule mwisho kulikuwa na mwanamke wa rika letu, simfahamu, labda alikuwa kwenye baraza la mtaa wa pili miaka ile. Yeye hakucheka. Aliinua uso, macho yake yote mawili meupe kabisa, kwa hakika hakuniona. Nadhani alisikia harufu ya majani. Akauliza, taratibu, kama tulivyokuwa tukiuliza:

"Njia iko?"

Nikamjibu, "Njia iko, mama."

Akampa mjukuu wake kitambaa alichokuwa ameshika, akasimama, akanyoosha mkono kuutafuta mlango.

Nakuandikia kwa jicho la kushoto, lile lililokuwa limefunga. Bandeji wameitoa. Naona mistari ya daftari, naona kucha zangu zilivyo chafu, nimeona kwamba Zawadi ana mvi na hakuna aliyeniambia. Jana nilichambua mchele mbele yake, akataka kuondoka kwa heshima, nikamwambia kaa utazame. Mawe yalitoka yote. Leo asubuhi nilivuka barabara peke yangu, pikipiki zikapiga honi, nikazitukana zote.

Sasa nakwenda, sombe haijatwangwa. Sikuagi kwa upole kwa sababu bado sijapoa, na sijui kama nitapoa. Ila nakuahidi. Kwa jicho la pili nitatangulia mlangoni madaktari watakaporudi. Binti yako mdogo ameanza kushika tumbo na kusema ni maharage, na kesho nampeleka mwenyewe, kwa daktari mwanamke, nami nitakaa kitandani pembeni yake mlango ukiwa wazi au umefungwa. Akisema tungoje kwanza mutu atoke, nitamwambia mama yake alikuwa nani, yote, hata ile siku. Hatutanyamaza tena tukasema ni heshima.

Lala, Yaya. Kaa wewe sasa. Goti lako lilikuwa bovu.

Mdogo wako,
Mwamini